Upande Unaosikia

Section 58, Nakuru
Jumapili, 12 Mei 2024

Kimaiyo mpenzi wangu, wakili wangu, mume wangu (hilo la mwisho nimeliandika polepole ili nilifaidi),

Nimetoka kanisani sasa hivi, hata viatu sijavua. Uliondoka Jumatatu, na tangu hapo nyumba hii imekuwa kubwa kama ukumbi wa mikutano. Jana nilipika chapati nikaandaa sahani mbili. Nikajicheka peke yangu. Halafu nikala za sahani zote mbili, kwa hiyo ukirudi ukinikuta nimenenepa, usiulize.

Dada yangu Sue ananicheka kweli. "Wenzenu wanatumiana video, nyinyi mnaandikiana barua kama watoto wa bweni!" Nikamwambia mume wangu aliliacha sikio la kushoto vitani Somalia, na la kulia linavuma kama mzinga wa nyuki, kwa hiyo simu kwake ni kelele tu. Sikumwambia lile lingine, kwamba ulipokuwa mbunge simu zako zililia kuanzia kabla ya jogoo, na kwamba siku uliyoshindwa ulizitosa zote kwenye ndoo ya maji. Hilo ni letu wawili. Na kusema kweli, mimi napenda hivi. Mwalimu wetu wa kidato cha tatu alikuwa akisema nina maneno mengi kuliko karatasi. Sasa nimepata mtu wa kuyasoma! Nicodemus akipita na pikapu yake ya kabichi kuja huko Longonot namkabidhi bahasha, naye anaipima mkononi. "Madam, hii ni nzito. Umeweka mawe?" Namwambia ni mapenzi hayo, boss, endesha pole kwenye mashimo.

Unajua leo nimegundua nini? Nikitembea peke yangu naacha nafasi ya mtu mmoja mkono wangu wa kushoto. Nimeshazoea kukaa upande wako wa kulia, unaosikia. Watu wanadhani naogopa mtaro.

Habari za hapa. Kila asubuhi kuna watu langoni. Mmoja anataka mtoto wake aandikiwe barua ya shule, mwingine ana mzozo wa mpaka, mwingine nadhani anataka chai tu. Nawapa wote chai. Wananiita Mama Mheshimiwa! Mimi, Nyakio wa kushona sweta za shule! Najua kiti ulikipoteza mwaka wa 2022 na kwamba kuna mwingine amekikalia, lakini mpenzi, midomo ya watu bado haijapata habari. Jana sokoni mama mmoja wa viazi alinitazama juu mpaka chini akasema, "Si wewe ndiye umeolewa na Mheshimiwa wa Harusi?" Meza zote zikacheka. Nilifurahi mpaka nikanunua debe zima. Kumbe harusi yetu imevuma hadi sokoni!

Kile kibuyu cha mursik, maziwa yenu ya mgando, alichotuletea yule bibi, Gogo Chepchirchir, siku ya harusi bado nimekitundika jikoni. Namkumbuka alivyonishika mikono miwili, akaniambia, "Huyu mtoto umshike polepole." Mtu wa miaka arobaini na tisa, mvi kichwani, anaitwa mtoto! Nilipokuuliza ni nani wako ulisema, "Mama wa rafiki yangu," ukageuka kutazama kilima. Nitakuuliza tena, usidhani nimesahau.

Rudi upesi. Mto wako bado una harufu yako na nimekataa kuufua.

Wako, wako, wako,
Nyakio

*

Longonot
16 Mei 2024

Nyakio mke wangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya chapati.

Hapa ni vumbi asubuhi na upepo mchana. Chumba nilichopanga kiko karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita kitanda kinahama kidogo, na asubuhi nakirudisha mahali pake. Nashinda na wafugaji nikiandika ushahidi wao. Shamba moja la maua limefunga njia ambayo ng'ombe wamepita kwenda ziwani tangu babu zao, na kila mzee anataka kunionyesha njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo natembea. Jioni goti linanisomea mashtaka.

Kazi hii naipenda. Ni ndogo na ina mwisho. Mtu anakuja na jambo moja, unalisikiza, unaliandika, unalipeleka Naivasha mbele ya hakimu. Bungeni hakukuwa na mwisho wa jambo lolote.

Nyakio, watu wa langoni wape chai, mimi siwezi kukuzuia kuwa ulivyo. Lakini usiwaahidi kitu. Na wakikuita Mama Mheshimiwa waambie jina lako. Nilikitumikia kile kiti kipindi kimoja na nikatoka nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilidhani siku za kupendwa zimenipita, kisha nikaja dukani kwako kutafuta sweta ya mtoto wa dada yangu. Hayo yananitosha. Sitaki mengine.

Kuhusu "Mheshimiwa wa Harusi", acha tu.

Kimaiyo

*

Section 58, Nakuru
Jumanne, 28 Mei 2024

Mpenzi wangu,

Nina habari ya huzuni na habari ya kujivunia, na zimefungwa kamba moja.

Gogo Chepchirchir amefariki. Jumamosi, nyumbani kwake kule Rongai, akiwa amekaa kwenye kigoda akipepeta maharagwe. Pole sana mume wangu. Nilitaka kuja mwenyewe nikwambie nikiwa nimekushika, lakini Nicodemus alisema pikapu imejaa mpaka kiti cha mbele.

Binti yake Jepleting ndiye aliyeniletea habari. Alisimama langoni hata hakukaa. Akasema, "Mama aliacha neno. Kimaiyo asikose kuja kunizika." Nililia, Kimaiyo. Nilivaa leso nikaenda naye papo hapo mpaka Rongai, wakati kamati ya mazishi inakutana. Wanaume chini ya turubai, akina mama kwenye sufuria, na mimi Mkikuyu peke yangu katikati, sijui hata nisalimie kwa lugha gani. Nilidhani watanitazama vibaya. Mbona walinipa kiti cha kwanza!

Mzee Kosgei, mwenyekiti wao, alikuwa anasoma ratiba: mchungaji, wajukuu, kwaya. Nikaona hawakukutaja. Nikasimama. Sijui nguvu nilitoa wapi! Nikasema, "Mume wangu atakuja, na atazungumza. Mwandikieni hotuba ya mwisho, kabla ya kaburi." Mzee Kosgei akavua miwani. "Mama, una uhakika? Huyu Kimaiyo wetu?" Nikamwambia, "Mzee, mimi ndiye nalala naye." Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Wakakuandika hapohapo. Jepleting alikuwa kama anataka kusema kitu, lakini kelele zilikuwa nyingi.

Mazishi ni Jumamosi ya tarehe nane. Matangazo yameshasomwa redioni kwa Kikalenjin. Sikuelewa ila jina lako, nalo nililisikia vizuri. Suti yako ya kijivu nimeipeleka kwa dobi. Nimeanza kukuandikia vidokezo vya hotuba, unaweza kuvitupa, lakini kuna sentensi moja kuhusu kibuyu ambayo ni nzuri sana.

Nilipokuwa narudi nilijiambia, hivi ndivyo mke anavyokuwa. Mtu wa kumfungulia mume wake mlango akiwa mbali.

Nakupenda, na nalia, na nakupenda,
Nyakio

*

Longonot
30 Mei 2024

Nyakio,

Sitakuja. Siku hiyo kesi yangu inasikizwa Naivasha. Mwambie Kosgei aondoe jina langu, na uwape pole kwa niaba yangu.

Usijibu mtu kwa ajili yangu tena.

K.

*

Section 58, Nakuru
Ijumaa, 31 Mei 2024

Kwa Wakili Kimaiyo,

Mazishi ni Jumamosi. Nimemuuliza Nicodemus, nimemuuliza Sue, nimemuuliza hata kinyozi hapa mtaani. Mahakama gani ya Naivasha inakaa Jumamosi?

Wewe ambaye uliniambia shahidi mwongo hujulikana kwa kujibu haraka.

Nimesoma barua yako mpaka nimeikunja ikachanika. Mistari minne. Hata "mke wangu" hukuandika. Bahasha ilikuwa nyepesi hivi kwamba Nicodemus alinipa bila mzaha wowote, na nilijua kabla sijafungua.

Nakuuliza, na unijibu kama mtu. Ni kwa sababu yangu? Unaogopa wakuone umesimama nami mbele ya watu wako wote, mke Mkikuyu, mshona sweta, asiyejua hata kusema pole kwa lugha yenu? Najua wanavyosema. Kuna shangazi yako alisema siku ya harusi, akidhani sisikii, kwamba ulishindwa uchaguzi mara mbili. Nilielewa kwa macho yake kwamba mara ya pili ni mimi. Sikukwambia, nilitaka picha zetu zitoke na tabasamu.

Au ni kinyongo? Kwamba walikunyima kura, basi wazikane wenyewe? Yule mama alikuja kwenye harusi yetu kwa miguu yake mibovu amebeba kibuyu, Kimaiyo.

Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema mume wangu atakuja. Sasa nitasimama mbele ya watu haohao niseme nini?

Mto wako nimeufua.

Nyakio

*

Longonot
3 Juni 2024

Nyakio mke wangu,

Nimeiandika barua hii mara nyingi kichwani nikitembea na wazee wa ng'ombe. Mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akaniacha nitembee nyuma.

Si kwa sababu yako. Uliondoe hilo kwanza. Ningependa kusimama nawe mahali popote penye watu, isipokuwa hapo.

Gogo Chepchirchir alikuwa na mtoto wa kiume, Kipngeno, koplo wangu. Alikuwa mcheshi, anaimba vibaya, na kila mara aliweka chai yangu kando kabla sijaomba. Aliuawa kule Somalia na kombora lilelile lililonichukua sikio. Nilipotoka hospitalini nilipewa kazi ya kumleta nyumbani, sanduku na bendera. Mimi ndiye afisa wake, mimi ndiye nilitakiwa nikabidhi bendera kwa mama.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Mchungaji alimaliza, na askari wakajipanga kupiga risasi za heshima. Nyakio, nilijua zinakuja. Ratiba nilikuwa nayo mfukoni. Risasi ya kwanza ilipolia mwili wangu haukuniuliza. Nilijikuta nimelala kifudifudi juu ya udongo wa kaburi, mikono kichwani, na nguo zile zote za sherehe kwenye matope. Mbele ya wilaya nzima. Ya pili ikalia, ya tatu, na mimi nachimba kwa kucha.

Yule mama aliacha kaburi la mwanawe. Alivua leso aliyojitanda, akanifunika, akakaa chini pale matopeni, kichwa changu mapajani mwake. Akawaambia watu kwa sauti, "Huyu Kapteni ana malaria, ametoka nayo huko. Leteni maji." Na watu wakaamini, maana nani atambishia mama siku hiyo? Siku ya kumzika mtoto wake mmoja wa kiume alinishughulikia mimi. Na hakumwambia mtu. Kila Krismasi aliniletea kibuyu.

Tangu siku hiyo sijaweza kusimama kaburini. Nikaingia uongozini sijui nilikuwa nawaza nini. Mbunge huku kwetu ni mtu wa mazishi. Jumamosi moja una manne, na yote unatarajiwa uzungumze. Mimi nilituma msaidizi na magunia ya mchele. Mara nyingi nilifika mpaka langoni, nikakaa ndani ya gari, vioo juu, nikisikia kwaya, nikashindwa kushika mlango. Dereva wangu akajifunza kutozima injini. Harusi nilihudhuria. Harusini hakuna shimo. Ndipo wakanipa lile jina ulilolinunulia viazi. Wakati wa kampeni mpinzani wangu alikuwa na swali moja tu: asiyewazika wenu atawaongozaje mkiwa hai? Umati ulicheka. Nami, wakili, ninayelipwa kujibu, sikuwa na jibu. Walisema nina kiburi. Nikaona afadhali kiburi.

Sasa unajua. Nimechoka, Nyakio. Si kwa ajili ya kura. Ni kuchoka kulinda mlango mmoja miaka yote hii.

Ningempa yule mama chochote. Hicho alichoomba ndicho sina.

Samahani kwa mistari minne.

Mume wako,
Kimaiyo

*

Section 58, Nakuru
Jumatano, 5 Juni 2024

Mume wangu,

Leo sina maneno mengi. Mwalimu wangu angeshangaa.

Nilisoma barua yako nimekaa kwenye sakafu ya duka, mashine ya kufuma ikiwa imezimwa. Mteja aliingia akatoka. Kisha nikafunga nikaenda Rongai kuondoa jina lako. Nilikuwa nimepanga kusema una malaria, hebu fikiria! Nilifika kwa Jepleting na hata sikuanza.

Akanitazama tu. "Amekwambia."

Nikajifanya nakunja leso, maana ni siri yako.

"Nyakio, unafikiri mimi sikuwepo? Ile leso, upande wa pili nani alishika?"

Tukakaa kwenye ngazi za stoo. Nikamwambia hotuba haitawezekana. Alicheka, Kimaiyo. Aliyefiwa, alicheka mpaka akajipangusa macho na mkono wa sweta. "Lakini nani alisema hotuba? Mama hakusema hotuba. Ni wewe ulisema hotuba! Mimi nafungua mdomo, Kimaiyo ameshaandikwa kwa ratiba na kuku wametoroka."

"Kwa nini hukunikatiza?"

"Ulikuwa na furaha sana. Nani anakatiza bibi harusi?"

Ndipo akanipa neno la mama yake lote, lile nililomkatiza langoni katikati kwa kulia na kukimbilia leso. Nakuandikia kama alivyolisema: "Kimaiyo asikose kuja kunizika. Na akija, asipewe kipaza sauti. Apewe sepetu. Mtu mwenye kazi mikononi hasikilizi sana masikio yake. Na hakuna risasi, mimi si askari, mimi ni mama wa maharagwe."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwezi na nusu wa ndoa, na tayari nimekufungulia mlango ambao umekaa ukiushikilia miaka yote. Nilidhani mheshimiwa lazima azungumze. Nilitaka wakuone ninavyokuona.

Ratiba zilikuwa zimeshachapishwa, jina lako kwa herufi nene. Tulikaa mimi na Jepleting na kalamu za wino, tukalikata moja moja, nakala zote, mpaka vidole vikawa vyeusi. Mzee Kosgei alipita akauliza tunafuta nini. Jepleting akamwambia, "Kosa la uchapishaji." Mzee akaguna: "Hilo kosa nililijua mimi."

Sasa sikiliza. Sijamwahidi mtu chochote. Mimi nitakwenda, kwa sababu alinishika mikono. Wewe fanya utakavyoweza. Ukibaki Longonot nitakuja huko Jumapili na chapati na hatutalizungumzia. Ukija ukakaa ndani ya gari, nitakuja nikae na wewe ndani ya gari, tufunge vioo. Ukitoka, nitakuwa upande wako wa kulia.

Mto nimeuweka juani. Nitaulalia mimi mpaka urudishe harufu.

Nyakio

*

Section 58, Nakuru
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpenzi wangu,

Uliondoka jana hata chakula hakijapakuliwa, na sikulaumu. Niliona uso wako Nicodemus alipokuwa akigeuza pikapu. Ulikuwa wa mtu aliyebeba gunia mlima mzima na sasa hajui mikono aiweke wapi. Nikaacha uende. Lakini jana hatukusemezana zaidi ya maneno kumi na mimi nitapasuka, kwa hiyo kaa chini usome.

Nilikuona ukishuka. Hukujua nilipo, nilikuwa nyuma ya akina mama wa kanisa, na nilikuona umeshika mlango wa pikapu, umeuachia, umeushika tena. Suti ya kijivu iko kwa dobi bado; ulikuja na shati la kazi na viatu vya vumbi la Longonot. Sijawahi kukupenda hivyo. Hata siku ya harusi.

Na yule kijana mwenye kofia aliyepiga kelele, "Ebu oneni! Mheshimiwa wa Harusi amepotea njia, harusi iko wapi?" Nilitaka kumrushia kiatu. Wewe ukamuuliza kama sepetu yake ina mpini mzuri. Akakupa, mdomo wazi.

Ulifukia vizuri, Kimaiyo. Ulifukia kama mtu anayelima shamba lake. Jasho, pumzi, na wale vijana wakianza kushindana na wewe. Nikasema moyoni, Gogo alijua. Tulikuwa tumebakiza kidogo tu. Halafu ile pikipiki pale barabarani ikalipuka kwenye bomba la moshi. Pa! Mimi mwenyewe niliruka.

Wewe ukashuka. Hukulala. Magoti tu, lakini niliona mabega yako na vidole ndani ya udongo, nikajua kinachofuata. Nikaona watu wanaanza kugeuka, yule kijana wa kofia wa kwanza. Na mimi sina leso, mpenzi! Leso niliiacha kwenye kiti kumwekea mtoto wa Jepleting. Sina cha kukufunika. Nikakimbia nikapiga magoti upande wako wa kulia, kwenye matope, na kitu pekee kilichokuja mdomoni ni Baba Yetu. Nilikipiga kwa sauti ya kuuza nyanya. Sijui hata kama mchungaji alikuwa amemaliza sala yake. Jepleting akapiga magoti. Akina mama wa kanisa wakafuata, kisha Mzee Kosgei na miwani yake, kisha vijana, na sepetu zao. Kaburi zima likazungukwa na watu wamepiga magoti. Yule wa kofia alivua kofia.

Leo mtaani wanasema umeokoka. Haki ya Mungu! Mama wa viazi amenisimamisha: "Tumesikia Mheshimiwa aliangukiwa na Roho kaburini." Nikamwambia ndiyo, Roho, na naomba viazi kidogo tu leo.

Na langoni wamekuja wazee, Kosgei akiwa mbele. Wamesema mtu anayepiga magoti kabla ya mchungaji ndiye wanayemtaka kwenye uchaguzi wa 2027. Niliwapa chai. Chai nitawapa daima, umesema huwezi kunizuia. Kisha nikawaambia kwamba hapa hakuna mheshimiwa. Hapa anaishi wakili ambaye yuko Longonot kazini, na mimi jina langu ni Nyakio. Mzee Kosgei alikunywa akamaliza, akasema, "Nyakio, chai yako ina maziwa mengi." Nadhani ni sifa.

Suruali yako uliyobadilisha nyumbani kwa Jepleting amenipa nifue. Nimeiloweka mara mbili. Matope ya magotini yametoka. Yangu, kwenye gauni, yamekataa, na sijasikitika.

Niambie kitu kimoja tu. Ulikuwa wapi, ulipokuwa chini pale? Na kama hutaki kusema, niambie ulikula nini jioni.

Mke wako,
Nyakio

*

Longonot
12 Juni 2024

Nyakio mke wangu,

Jioni nilikula ugali na maziwa, kisha nikalala nikiwa nimevaa viatu. Treni mbili zilipita na sikujua. Asubuhi kitanda kilikuwa katikati ya chumba.

Viganja vyangu vina malengelenge, ndiyo sababu mwandiko huu ni mbaya. Wazee wa ng'ombe wameviona wakafurahi. Wanasema hatimaye wamepata wakili. Kesi inasikizwa kesho, siku ya kazi, waweza kumuuliza kinyozi wako.

Umeniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa kule. Ile pikipiki ilinipeleka moja kwa moja, na nilikuwa namtafuta Kipngeno kwenye udongo kwa mikono, na palikuwa kimya kabisa, kama inavyokuwa baada ya mlipuko. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Yatarudi. Nitachoka tena, na kuna siku nitabaki garini.

Lakini kulikuwa na mtu anapiga kelele mahali fulani. Mwanzoni nilidhani anauza kitu. Kisha nikatambua maneno, na nikaanza kuyasema na mimi, na nilipofika kwenye "utupe leo" nikawa nimeyasahau yaliyobaki, mimi mtoto wa mzee wa kanisa.

Nikasikiza upande wa kulia. Nikakufuata.

Kimaiyo